Kiti cha Mama Mkwe na Usukani wa Baba

Enzi zetu, kule kwetu nje kidogo ya Naro Moru, usukani wa trekta la Baba ulitaka watu wawili: mmoja wa kuuzungusha na mmoja wa kulala chini aone kinachotokea. Wa kulala chini alikuwa Baba. Wa kuuzungusha alikuwa dada yangu Wanjiru. Mimi nilikuwa na kiti.

Kiti chenyewe kilikuwa cha mbao, chenye mgongo na kitambaa cha kufuma, kile kile cha wageni. Kilitolewa sebuleni kikawekwa kando ya ghala la viazi, mahali ambapo mafuta hayawezi kumrukia mtu. Nikaletewa chai kwenye kikombe chenye sahani yake. Mtoto wa darasa la pili, miguu haifiki chini, nimeketi kama mgeni rasmi siku ya michezo, na dada yangu yuko juu ya trekta anapigiwa kelele na Baba. Nilimwonea wivu hadi chai ikapoa kikombeni.

Yote yalitokana na jina. Tulio wa rika moja hatuhitaji kuelezana, lakini watoto wetu siku hizi wanapewa majina ya manukato na ya miji ya ng'ambo, kwa hiyo acha niseme. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na wa pili hupewa jina la mama yake mama. Wanjiru, kifungua mimba, alikuwa mama mzazi wa Baba, na Baba alimwita hivyo hivyo: Maitu, yaani mama yangu. Mimi Nyambura nilifuata, nikawa mama wa mke wake. Mama mkwe. Na mwanamume wa kwetu hamtumi mama mkwe spana. Hamfokei. Halali chali mbele yake shati limepanda na tumbo liko nje. Akikutana naye njiani, anampisha.

"Heshima si utumwa," Mama alikuwa akiniambia nikinuna. Kwangu mimi ilikuwa utumwa mtupu.

Msidhani tulilelewa tofauti katika mengine. Wote wawili tulikwenda shule miguu mitupu, asubuhi zile ambazo nyasi huwa nyeupe kwa baridi ya mlima, tukimfukuza ng'ombe alipolala ili tusimame pale pale penye joto lake kabla ya kuendelea na safari. Wote tulibeba kuni za chai ya walimu, na jivu la kumwaga chooni. Tulicheza kati, tukikwepa mpira wa makaratasi na soksi, tukaruka blada, ile kamba ya mpira, hadi sketi zikapasuka, tukachimbua viazi vilivyosahaulika shambani na kuvichoma kwenye majivu, tukavila na ngozi yake na mchanga wake. Watoto wa leo ukiwapa kiazi kilichochomwa kwenye majivu wanakuuliza kama kimeoshwa. Katika blada nilimshinda Wanjiru, na katika hesabu pia. Lakini trekta likianza kulia, yeye alikwenda mbio kwenye usukani na mimi nikaenda kitini.

Trekta lile Baba alilinunua likiwa tayari zee, kutoka shamba moja la ngano upande wa Timau alikokuwa dereva ujanani. Liliwahi kuwa jekundu. Kilichomfanya alipende kuliko matrekta mengine ya wakati huo ni kwamba usukani wake ulisaidiwa na mafuta. Pampu ndogo ubavuni mwa injini iliyasukuma mafuta kupitia mipira myeusi hadi kwenye silinda iliyokuwa mbele, na silinda ndiyo iliyogeuza magurudumu. Mambo yakiwa sawa, mtoto aliweza kuligeuza kwa mkono mmoja. Yakiharibika, mwanamume mzima alirudi kutoka shambani mabega yamevimba na maneno yake hayasemeki mbele ya watoto. Nayo yaliharibika kila msimu wa kulima, kwa sababu mashine, kama mbuzi, huchagua siku yenye mvua ili iugue.

Nyumbani Baba alizungumza nasi Kikuyu. Akiingia chini ya trekta alihamia Kiswahili, kwa kuwa ufundi wake aliupatia kwa Kiswahili kule kwenye ngano, na nadhani aliamini kwamba mashine haisikii lugha nyingine.

"Maitu! Hebu zungusha kushoto. Pole pole! Ati nimesema pole pole, hiyo si mawe ya kusaga!"

Basi hayo ndiyo maneno niliyoyatamani. Wenzangu walitamani mkate wenye siagi. Mimi nilitamani kuambiwa nina mkono mzito.

Alikuwa na utaratibu wake, na hakuuruka hata mvua ikimwambia aharakishe. Kwanza aliinua mbele kwa jeki, magurudumu yakaning'inia, halafu Wanjiru akazungusha. "Ikiwa nzito hata ikiwa juu," Baba alisema, "hiyo ni vyuma iko na njaa ya grisi. Lakini ikiwa rahisi juu na nzito chini, sasa tuulize mafuta." Kisha alifungua tangi dogo la mafuta, akatazama kimo chake na sura yake. Yakiwa na povu kama maji ya kufulia, kuna mahali yanakunywa hewa. Akaubonyeza mkanda wa pampu kwa dole gumba aone kama umelegea. Akaifuata mipira mmoja mmoja, trekta likinguruma, akipitisha kipande cha katoni badala ya mkono, kwa sababu mafuta yenye presha hutoboa ngozi kabla hujajua umetobolewa; kule Timau alimwona mwenzake akipoteza kidole hivyo. Silinda aliiacha mwisho. Kuifungua silinda kulimaanisha kwenda Nyeri mjini kutafuta mipira ya ndani, na kwenda Nyeri kulimaanisha siku nzima jirani anasubiri kulimiwa akitazama mawingu.

Kazi ilipokwisha, ilibidi hewa itolewe kwenye mafuta. Hapo ndipo Wanjiru alipong'ara. Injini inanguruma pole pole, yeye anazungusha usukani hadi mwisho wa kushoto, hadi mwisho wa kulia, tena na tena, Baba anaongeza mafuta. Kanuni ilikuwa moja: ukifika mwisho, usikazie. Ukikazia, pampu inapiga mayowe. Nami kutoka kitini nilisikia yale mayowe kabla ya mtu mwingine yeyote, na mikono yangu ikawa inazunguka hewani peke yake, chai inamwagika kwenye sahani.

Wanjiru alirudi nyumbani ananuka dizeli. Gauni lake lilikuwa na mabaka ambayo sabuni ya mche haikuyaweza, na Mama alimgombeza kuanzia mlangoni hadi jikoni. Nilimwonea wivu kwa ugomvi huo pia. Shuleni wavulana walimzunguka wamuulize kwa nini trekta la fulani linavuta upande, naye akawajibu huku ameshika kiuno, akitema mate pembeni kama Baba. Mimi nilisifiwa na mwalimu kwa soksi safi.

Siku moja nilijipaka grisi kifuani makusudi. Nilitumaini Baba atasema, haya, kwa kuwa umeshachafuka, njoo. Alipoiona alishtuka, akadhani ni yeye aliyeiacha kwenye kiti. Akavua kofia. "Mama mkwe, pole sana," aliniambia. Soko lililofuata akaniletea gauni jipya la maua. Wanjiru alilia siku hiyo, na mimi nililia pia, na Mama akauliza kama kuna msiba.

Mambo yalizidi kuwa mabaya baada ya mama mkwe mwenyewe kututembelea. Nyanya yangu, mwenye jina langu, alitoka Othaya bila kutuma habari, akaingia kwenye boma na kikapu chake cha ndizi akiwa tayari anasalimia. Baba alikuwa chini ya trekta. Ovaroli imeraruka mahali pabaya, tumbo liko nje, na mkononi ameshika mpira wa mafuta alioufungua wakati huo huo. Kutoka vile hawezi. Kumsalimia mama mkwe akiwa amelala chali hawezi pia. Kwa hiyo alifanya alichoweza: akanyamaza kimya, kana kwamba pale chini hakuna mtu ila viatu.

Nyanya hakuwa mjinga. Aliviona vile viatu, akageuka upande wa mlima, akakaa kwenye kiti changu, akaanza kuwahutubia kuku kwa sauti kubwa kuhusu mvua ya Othaya na bei ya kahawa, ili mwenye viatu ajue kwamba hajaonekana. Mafuta yalimdondokea Baba kwenye paji la uso, akayavumilia. Wanjiru alibaki juu kwenye usukani amejifunga mdomo kwa mikono miwili, machozi ya kicheko yanamtoka. Hatimaye Mama alitokea na kumwingiza mgeni ndani, na Baba akatambaa kutokea upande wa pili, akakimbilia mtoni kuoga. Tangu siku hiyo kiti changu kilisogezwa nyuma zaidi. Nyanya aliporudi Othaya, mimi niliyebaki nilikuwa bado ni yeye.

Tulikua. Wanjiru akawa mwalimu, akajenga maisha yake Ruring'u. Mimi nikawa muuguzi huko Karatina, kazi ya kuangalia mabomba na presha za watu, na sijui kama ni bahati tu. Mama alitutoka. Wanjiru alimzaa binti wa pili akampa jina la Mama, Wangari, na Baba humwita huyo mtoto mke wangu. Krismasi iliyopita mke huyo, na kucha zake ndefu za kubandika, alipanda juu ya trekta bila kuombwa na bila kuomba. Alishika usukani kwa mkono mmoja na kwa mwingine alikuwa anajipiga video, akamwita babu yake.

"Guka, hii kitu ni nzito aje! Mbona usi-Google tu?"

"Mke wangu, zungusha kwanza," Baba alimjibu, anacheka, "halafu hiyo Google ikuje hapa chini inishikie spana."

Nilikuwa kibarazani, kitini, na chai. Mtu mzima, nina watoto sekondari, na nilimwonea wivu msichana wa chuo hadi nikakataa keki.

Mwaka huu Baba ameamua kuliuza. Magoti yamekataa, na jicho moja lina mtoto wa jicho, jingine linaelekea huko huko. Alipatikana mnunuzi kutoka Nanyuki, na mwezi uliopita alikuja na lori kulichukua. Tatizo ni lile lile: usukani ulikuwa umekuwa mzito tena, na trekta lilipaswa kupanda kwenye lori lenyewe, juu ya mbao mbili. Usukani mzito juu ya mbao mbili ni trekta kupinduka. Kwa hiyo lilipaswa kutengenezwa asubuhi ile kabla lori halijafika. Wanjiru na mimi tulilala nyumbani usiku wa kuamkia siku hiyo, na mimi, niliyesema nimekwenda kumsaidia Baba, nilijua moyoni kwamba nimekwenda kwa sababu nyingine. Hiyo ilikuwa nafasi ya mwisho ya mimi kuitwa kwenye usukani.

Tulipokuwa tunamenya viazi jioni ile nilimwambia Wanjiru, mara ya kwanza maishani, jinsi nilivyomwonea wivu. Aliweka kisu chini.

"Wewe? Wewe ulikuwa unakunywa chai! Mimi Jumatatu nilikuwa nashindwa hata kushika kalamu, mikono imekufa. Nilikuwa naomba Mungu niamke nikiitwa Nyambura."

Nilimsikiliza, na badala ya kumhurumia, nikamwonea wivu kwa ile mikono iliyokufa.

Asubuhi baridi ilikuwa ya kukata. Nilitoka nje nimejifunika koti la Wanjiru la kukamulia ng'ombe, lililotundikwa nyuma ya mlango wa jikoni. Baba alikuwa tayari ameketi juu ya gunia kando ya gurudumu la mbele, injini inanguruma. Alinyanyua uso akanitazama, au akalitazama koti.

"Maitu, umechelewa. Panda tuone."

Niligeuka nyuma. Hapakuwa na mtu. Moshi ulitoka jikoni, ambako Wanjiru alikuwa anapika chai.

Ningeweza kusema, Baba, ni Nyambura. Sikusema. Nilipanda. Kiti kilikuwa cha baridi na kimepasuka katikati, usukani ulikuwa mwembamba kuliko nilivyoufikiria, umelainishwa na mikono ya dada yangu mahali pawili, na mikono yangu ilitafuta pale pale. Nikazungusha kushoto. Ulikuwa mzito kama mlango wa ghala wenye kutu.

"Kulia sasa. Mafuta iko na povu, naisikia hata kama siioni. Njoo... hapana, kaa hapo hapo." Alipapasa mpira unaoingia kwenye pampu, akafika kwenye pete ya chuma inayoubana. "Ee! Hii hapa imelegea. Ndio inakunywa hewa." Aliikaza kwa bisibisi, kwa kupapasa tu, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo. Akaongeza mafuta tangini, nusu yakamwagika kwenye kiatu chake. "Haya. Mpaka mwisho, na urudi. Usikazie!"

Nilizungusha hadi mwisho wa kushoto. Furaha ilinizidi nguvu, nikakazia. Pampu ikapiga mayowe.

"Nimesema usikazie! We Maitu, masikio uliacha Ruring'u? Unataka kuniulia pampu siku ya kuuza?"

Nilifokewa. Jamani, nilifokewa na Baba, kwa Kiswahili cha Timau, mbele ya kuku. Macho yalinijaa machozi, nikazungusha kulia, nikarudi kushoto, na kila niliporudi usukani ulikuwa umepungua uzito kidogo. Mngurumo wa pampu ulishuka. Mafuta kutoka kwenye wenzo mmoja yalikuwa yamenipaka kiganja chote, na sikuyafuta. Mwishowe niligeuza magurudumu ya mbele kwa vidole viwili.

"Naam," Baba alisema. "Hapo. Mkono yako haijasahau."

Mkono wangu haukuwa na cha kusahau. Nilicheka peke yangu.

Ndipo Wanjiru akatoka jikoni na birika. "Baba, chai iko tayari."

Baba alilielekeza sikio kwenye sauti, kisha akanigeukia mimi niliye juu. Alizima injini. Alisimama kwa kushika gurudumu, akanikaribia hadi akaiona sura yangu, na taratibu sana akavua kofia. Kichwa chake kilikuwa cheupe chote.

"Mama mkwe," alisema. "Kumbe ni wewe nilikuwa nafokea?"

"Ni mimi, Baba. Endelea tu. Hata injini haijapoa."

Alitikisa kichwa. Alishusha shati lake likafunika kiuno, akafuta mkono kwenye suruali, akaninyooshea. "Shuka pole pole. Hapo iko na utelezi. Nisamehe sana."

Nilimshika mkono nikashuka, kwani ningefanya nini. Wanjiru alisimama na birika lake, anatutazama, na safari hii hakucheka. Alikwenda ndani akakileta kile kiti cha mbao mwenyewe, akakiweka kando ya ghala, na nikaletewa chai kwenye kikombe chenye sahani.

Lori lilifika mchana. Mnunuzi alikuwa kijana mwenye miwani ya jua, na alipanda zile mbao mbili kwa trekta la Baba akigeuza usukani kwa kidole kimoja, simu imebanwa begani, anaongea na mtu wa Nanyuki kuhusu mambo mengine kabisa. "Mzee, iko laini kabisa!" alipaza sauti. Kwenye mashamba makubwa ya Timau siku hizi trekta likiugua linaandika ugonjwa wake kwenye kioo, na kijana anampigia simu mtu mwenye kompyuta, anangoja akisikiliza muziki. Hakuna anayelala chini, kwa hiyo hakuna anayehitajika juu. Sijui watoto wao watakumbuka nini wakizeeka. Labda nywila.

Lori lilipopotea kwenye vumbi la barabara ya Nanyuki, Baba alibaki amesimama getini, kofia mkononi. "Maitu," aliita bila kugeuka, "lete ile jeki tuiweke stoo." Na Wanjiru, mwalimu mzima, mwenye viatu vya Jumapili, alikwenda akaibeba.

Mimi nilikaa nikanywa chai yangu. Kwenye kiganja yale mafuta yalikuwa bado yapo, na yalikaa kwenye mikunjo ya mkono kwa siku kadhaa huko Karatina, wauguzi wenzangu wakiniuliza kulikoni. Enzi zetu mtu alifokewa kwa jina lake. Mimi nilifokewa mara moja tu, kwa jina la dada yangu, na bado namwonea wivu.